Nina Grinikadi na Sina Kura: Je, Naweza Kujitolea Katika Kampeni ya Leseni za Udereva Massachusetts?

Swali hili lilitufikia mwishoni mwa Septemba 2022, na jibu linalolifuata liliandikwa siku zile, kabla ya kura ya tarehe 8 Novemba 2022, kwa hiyo sheria na tarehe zilizomo ni za wakati huo:

"Naishi Lowell, Massachusetts, na nina grinikadi, mwakani nitatimiza muda wa kuomba uraia. Mama mmoja wa kanisani kwetu amenialika nijitolee katika kampeni ya Ndiyo ya Swali la 4, lile la leseni za udereva kwa watu wasio na makaratasi. Moyo wangu unataka, kwa sababu mtoto wa shangazi yangu, aliyekuja kusoma na viza yake ikaisha, huendesha gari alfajiri kwenda kazini bila leseni, na mimi hukaa na wasiwasi hadi aniambie amefika. Lakini mume wangu anasema asiye raia haruhusiwi kugusa mambo ya uchaguzi na kwamba nitajiharibia uraia. Mchungaji naye anasema kanisa likitangaza jambo hili litapoteza msamaha wa kodi. Na huyo binamu yangu anataka tugonge milango pamoja. Tufanye nini? Tena naomba unieleze: anayetaka watu wapate leseni anachagua Ndiyo au Hapana? Nimeambiwa yote mawili."

Dada yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa anayejitolea bila kuelewa vizuri maana ya Ndiyo na ya Hapana anaweza kuusaidia upande asioutaka, na nimekutana na watu wazima wenye elimu zao ambao walikuwa wamelishika jambo hili kinyume. Swali la 4 haliulizi kama sheria itungwe. Sheria imekwisha kutungwa. Mwaka huu bunge la Massachusetts lilipitisha sheria inayomruhusu mkazi wa jimbo hili kupata leseni ya kawaida ya udereva hata kama hawezi kuonyesha hati ya kuwapo nchini kihalali. Gavana Charlie Baker aliikataa tarehe 27 Mei 2022, kisha Baraza la Wawakilishi tarehe 8 Juni na Seneti tarehe 9 Juni wakaipitisha tena kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura, na pingamizi la gavana likaanguka. Walioipinga hawakuishia hapo. Katiba ya Massachusetts, tangu ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 1918, inawapa wapiga kura haki ya kuidai sheria iliyopitishwa na bunge iletwe mbele yao ikiwa saini za kutosha zitakusanywa, na safari hii zilihitajika 40,120. Zikapatikana. Kwa hiyo tarehe 8 Novemba wapiga kura wataulizwa kama sheria hiyo ibaki: anayechagua Ndiyo anaibakiza, ianze kutumika tarehe 1 Julai 2023, na anayechagua Hapana anaifuta kabla haijaanza.

Si ajabu kwamba umeambiwa yote mawili. Wengi wetu tuliopiga kura ya katiba Kenya mwaka 2010 tulizoea kwamba anayeleta jambo ndiye anayeomba Ndiyo, na rangi ya kijani na nyekundu zilimwelekeza hata asiyejua kusoma. Hapa hakuna rangi wala alama, na walioleta swali hili kwenye karatasi ya kura kwa saini zao ndio wanaoomba Hapana. Kwa sababu hiyo, unapozungumza na mpiga kura usitumie maneno kama "kupinga hoja" au "kuunga mkono hoja", kwa kuwa yanazidisha utata. Mwambie tu kwamba Ndiyo inabakiza leseni na Hapana inaziondoa. Mkumbushe pia asome karatasi yake mpaka mwisho, maana mwaka huu kuna maswali manne na hili ndilo la mwisho, na wengi huchoka baada ya kuchagua gavana na wabunge.

Sasa nije kwa hofu ya mumeo. Anaogopa kitu cha kweli, na ningependa umwambie hivyo kabla ya kumwambia lolote jingine, kwa kuwa yako makosa ya uchaguzi yanayoweza kumfukuzisha nchini mtu aliyeishi hapa kihalali kwa miaka mingi. Alichokosea ni mahali pa kuweka mpaka. Yeye ameuweka kwenye kampeni, ilhali sheria imeuweka kwenye orodha ya wapiga kura na kwenye kura yenyewe. Kugonga mlango, kupiga simu, kutafsiri kipeperushi, kusimama na bango kando ya barabara, kumweleza jirani yako kwa nini unaona hivi au vile, yote hayo kisheria ni kusema, na uhuru wa kusema katika nchi hii haukutengwa kwa raia peke yao. Mwaka 1945, katika kesi ya Bridges dhidi ya Wixon, ambapo serikali ilitaka kumfukuza kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini mzaliwa wa Australia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka wazi kwamba wageni wanaokaa nchini wanao uhuru wa kusema na wa kuchapisha. Nazo kanuni za fedha za uchaguzi za shirikisho, ambazo ndizo kali zaidi kwa wageni, zinamruhusu hata asiye na ukaazi wa kudumu atoe muda wake bila malipo, mradi asiingie katika kuamua jinsi fedha za kampeni zinavyokusanywa na kutumika. Wewe mwenye grinikadi huhesabiwi hata katika katazo la shirikisho linalowazuia wageni kuchangia fedha.

Lakini kuhusu kura na orodha ya wapiga kura, naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wenye wagombea wa shirikisho, na uchaguzi wa tarehe 8 Novemba unao, ametenda kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika mwaka mmoja gerezani, na sheria ya uhamiaji inalihesabu kosa hilo kuwa sababu ya kufukuzwa peke yake. Kujiandikisha ni hatari vilevile, pengine zaidi, kwa sababu fomu ya kujiandikisha ina mahali pa kuthibitisha kuwa wewe ni raia, na anayejidai uraia wa Marekani kwa uongo ili apate haki au faida fulani anaweza kufungiwa milango ya uhamiaji maisha yake yote, bila msamaha wa kawaida ambao makosa mengine hupewa. Nimewaona watu wema wakifika hapo bila nia mbaya hata kidogo: ameitwa mezani kwenye tamasha la mtaa, amepewa kalamu na kijana mwenye tabasamu, amesaini, amekwenda zake, na jambo limekuja kufufuka miaka mingi baadaye siku ya mahojiano ya uraia. Fomu N-400 ya kuombea uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha kupiga kura na kama umewahi kupiga kura Marekani, na jibu lako linatolewa chini ya kiapo.

Kwa hiyo kwenye kampeni hiyo weka kanuni yako mwenyewe, hata kama viongozi wa kampeni hawajakuwekea. Usisaini karatasi yoyote ya kukusanya saini za wapiga kura, leo wala siku nyingine, kwa kuwa anayesaini hapo anajitambulisha kuwa mpiga kura aliyeandikishwa. Usikae kwenye meza ya kuandikisha wapiga kura. Si kwamba kumpa mtu fomu ni kosa, bali ni kazi ambayo raia wapo wengi wa kuifanya, na wewe ukimwandikisha kwa bahati mbaya mtu asiye raia utakuwa umemtia katika shimo nililoeleza. Usimbebee mtu karatasi yake ya kura ya posta, wala usiingie naye kwenye kibanda cha kura kwa sababu tu anazungumza Kiswahili na wewe umezoea kumtafsiria. Akihitaji msaada huo, mwache amchague ndugu yake aliye raia. Siku yenyewe ya kura, ukiwa na bango au fulana ya kampeni, kaa zaidi ya futi 150 kutoka mlango wa kituo, maana ndani ya umbali huo sheria ya Massachusetts haimruhusu mtu yeyote, raia au mgeni, kufanya kampeni.

Kuna jambo jingine linalowatisha watu wetu bila sababu, nami nalitaja kwa kuwa litakufikia ukiwa katikati ya kampeni. Kila mwaka miji ya Massachusetts hutuma fomu ya kuhesabu wakazi wa kila nyumba. Fomu hiyo si ya kujiandikisha kupiga kura, na jina lako kuwemo si kosa. Kutoka katika hesabu hiyo ndipo majina ya watu wa baraza la mahakama (jury) huchaguliwa, ndiyo maana hata wasio raia hupata barua ya kuitwa. Ijibu kwa kuonyesha kwamba wewe si raia, na uhifadhi nakala. Tofauti kabisa ni barua ya kukuambia kwamba sasa umo katika orodha ya wapiga kura. Tangu mwaka 2020 Ofisi ya Usajili wa Magari, RMV, huwaandikisha wapiga kura moja kwa moja wale walioonyesha hati za uraia wakati wa kushughulikia leseni, na ingawa mfumo umetengenezwa uwaache nje wenye hati kama yako, barua ya namna hiyo ikikujia usiitupe wala usiinyamazie. Ipeleke kwa wakili kabla hujaandika chochote.

Turudi kwenye N-400, kwa sababu najua mumeo atauliza. Mwaka 2022 fomu hiyo iliuliza pia kuhusu vikundi na vyama ambavyo umewahi kuwa mwanachama au kushirikiana navyo popote duniani. Ukijitolea, andika jina la kampeni au kikundi hicho pamoja na tarehe, kama ambavyo ungeandika chama cha akina mama cha kanisa au chama cha watu wa kwenu. Kampeni halali ya kura ya maoni haimharibii mtu tabia njema anayotakiwa kuionyesha. Kinachoharibu ni kuficha, kwa sababu uongo chini ya kiapo ni tatizo lenyewe hata kama kilichofichwa hakikuwa na ubaya.

Kuhusu binamu yako, hapa sitakupa jibu laini. Kisheria naye anaweza kusema anachoamini, na anaweza kujitolea bila malipo. Hata hivyo kati ya kuruhusiwa na kuwa salama kuna nafasi kubwa kwa mtu ambaye viza yake imeisha. Mwaka 1999, katika kesi ya Reno iliyohusu wanaharakati waliowatetea Wapalestina huko California, Mahakama ya Juu ilisema kwamba aliyeko nchini kinyume cha sheria kwa kawaida hawezi kuzuia kufukuzwa kwake kwa kudai tu kwamba amelengwa kwa sababu ya maoni yake. Maana yake ni kwamba uhuru wa kusema anao, lakini haumkingi dhidi ya hali yake ya uhamiaji. Hakuna sheria inayomtaka amweleze mwenye nyumba, au hata kiongozi wa kampeni, kwamba hana makaratasi, na ningemshauri asiseme, asihojiwe na vyombo vya habari kwa jina na picha, na asikubali ombi la kusimulia maisha yake jukwaani kwa sababu ya shangwe za jioni moja. Wanaompenda watamshawishi kwa nia njema kabisa. Uamuzi ubaki wake, na aufanye akiwa ameshazungumza na wakili wa uhamiaji.

Asipokee pia malipo yoyote, hata yakiitwa posho ya chakula au shukrani, kwa sababu bila kibali cha kazi malipo hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa ajira. Wala asichangie fedha. Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi mwaka 2021 haikukubali kulipanua katazo la fedha za wageni mpaka kwenye kura za maoni za majimbo, lakini majimbo yanaweza kuwa na masharti yao, na haifai mtu aliye katika hali yake ajaribu maji kwa mguu wake. Anayetaka uhakika aiulize ofisi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, OCPF, nayo hujibu maswali ya wananchi.

Kuna kosa moja linalotokea kwenye kampeni zenyewe za leseni, na linanisikitisha kila ninapoliona: wanaojitolea wanagawanywa katika mitaa, gari ni chache, na mtu asiye na leseni anakabidhiwa ufunguo kwa kuwa "anaendesha vizuri." Massachusetts, polisi anaweza kumkamata papo hapo anayeendesha bila leseni, na mwenye gari aliyemruhusu naye ametenda kosa. Wewe unayesubiri uraia huna sababu ya kuingia mahakamani kwa jambo hilo. Usimpe gari lako, na mkitoka pamoja endesha wewe.

Mchungaji wako amechanganya mambo mawili ambayo mamlaka ya kodi huyatenganisha. Kanisa lenye msamaha wa kodi limekatazwa kabisa kumpigia debe au kumpinga mgombea wa cheo chochote. Kura ya maoni haina mgombea. Kwa macho ya mamlaka ya kodi, wapiga kura hapo wamechukua nafasi ya wabunge, na kuwashawishi kunahesabiwa kama kushawishi bunge, jambo ambalo kanisa au msikiti unaruhusiwa kulifanya kwa kiasi, mradi lisiwe sehemu kubwa ya shughuli zake. Tangazo baada ya ibada, ukumbi wa kufundishia wanaojitolea, hata mahubiri kuhusu jambo lenyewe, viko ndani ya kiasi hicho. Hatari iko kwenye kuteleza. Mwaka huu wagombea wa ugavana wametofautiana kuhusu Swali la 4, Maura Healey akiliunga mkono na Geoff Diehl akilipinga, na mtu akishika kipaza sauti cha kanisa na kusema "ndiyo maana tumchague fulani," hapo mchungaji atakuwa na sababu ya kuogopa. Mwombe akupe dakika mbili ukiwa na maneno uliyoyaandika, naye ayasome kwanza. Akikataa bado, mheshimu. Wanaojitolea wanaweza kukutana mahali pengine.

Sasa umefika mlangoni, mtu amefungua, na anakuuliza: kwa nini tuwape leseni watu waliovunja sheria? Hilo ni swali la haki na linastahili jibu la heshima. Usimwite mbaguzi, hata moyoni. Mwambie kwamba sheria hii haigawi ukaazi, haiondoi kosa la viza, na haimpi mtu kadi ya Real ID, ile inayotambuliwa na serikali ya shirikisho. Inachofanya ni kumlazimisha mtu ambaye tayari yuko barabarani afanyiwe uchunguzi wa macho, afanye mtihani wa maandishi na wa kuendesha, na ajulikane kwa jina na anwani. California ilianza kutoa leseni za namna hii Januari 2015, zikatolewa zaidi ya 600,000 katika mwaka wa kwanza, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliochapisha kazi yao mwaka 2017 waliona kwamba ajali za jumla hazikuongezeka, ilhali visa vya madereva kugonga na kukimbia vilipungua kwa kati ya asilimia 7 na 10. Sababu inaeleweka hata bila utafiti: aliye na leseni hana la kuogopa akisimama kumngoja polisi. Hapa kwetu, Chama cha Wakuu wa Polisi wa Miji Mikuu cha Massachusetts kimeiunga mkono sheria hii. Mbali na hapo si jambo geni upande huu wa nchi. Connecticut, Vermont na New York wanazitoa tayari, na Rhode Island wamepitisha sheria yao mwaka huu.

Wako pia watakaokuambia kwamba mtu mwenye leseni ataishia kupiga kura, na hiyo ni mojawapo ya hoja alizozitaja gavana alipoikataa sheria. Hapa wewe una jibu ambalo mwenzako aliye raia hana. Una leseni ya Massachusetts mfukoni mwako, na huna kura. Wako hivyo wanafunzi wa viza, wafanyakazi wa muda na wenye grinikadi wote wa jimbo hili, na wamekuwa hivyo miaka yote, kwa sababu leseni haikuwahi kuwa uthibitisho wa uraia. Sheria mpya nayo inaiagiza RMV iweke taratibu za kuhakikisha kwamba hawa hawaandikishwi. Waambie hivyo kwa utulivu, ukipenda uwaonyeshe leseni yako ukiwa umeficha anwani. Nimeona jibu hili likiwafanya watu watulie na kuuliza swali la pili, na swali la pili ndilo unalolitaka.

Usiahidi kupita kiasi, hata kwa watu wetu. Wapo wanaodhani sheria ikibaki watakwenda RMV na jina tu. Mwombaji atatakiwa awe na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda, au hati ya utambulisho ya ubalozi, pamoja na hati ya pili kama cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva ya nchi yake au ya jimbo jingine la Marekani, au cheti cha ndoa kilichotolewa Marekani. Kwa Mkenya mwenye kitambulisho na leseni ya nyumbani hilo si gumu, ila wengi ambao viza zao ziliisha zamani pasipoti zao nazo zimeisha, na kuipata mpya kupitia ubalozi ni safari. Binamu yako aianze sasa, kura ipite au isipite. Ndugu zetu wa Kongo walioko Worcester na Lynn watahitaji kushughulikia tafsiri za hati zao za Kifaransa. Usiwaambie watu pia kwamba taarifa zao hazitaonekana na yeyote. Sheria inazuia habari ya nani alionyesha na nani hakuonyesha hati ya ukaazi isiwe wazi kwa umma, lakini inaacha nafasi pale sheria ya shirikisho inapodai, na mwenye amri ya kufukuzwa au kesi ya zamani anapaswa kuonana na wakili kabla ya kupeleka jina lake kwenye ofisi yoyote ya serikali.

Utajiuliza kama jitihada hizi zina maana wakati wabunge wamekwisha kuamua na waliosaini kuipinga sheria ni wengi kuliko sisi. Oregon walipitia njia hii hii. Bunge lao lilipitisha kadi ya udereva mwaka 2013, gavana akaitia saini, wapinzani wakakusanya saini, na Novemba 2014 wapiga kura wakaikataa kwa takriban theluthi mbili, ingawa upande wa Ndiyo ulikuwa na fedha nyingi zaidi. Ilichukua hadi 2019 bunge hilo kupitisha sheria nyingine, na hadi Januari 2021 leseni kutolewa. Ninavyoona mimi, wabunge walikuwa wameshawishika na wapiga kura hawakuwa wameelezwa, na tangazo la redio haliwezi kufanya kazi ya jirani anayejulikana. Lowell ina Wakenya wengi ambao ni raia na hawapigi kura, wengine hawajajiandikisha. Muda wa kujiandikisha unaisha tarehe 29 Oktoba, na kura za mapema zinaanza tarehe 22 Oktoba. Kazi yako yenye faida kubwa kuliko zote inaweza kuwa kwenda, pamoja na raia mmoja atakayeshika fomu, kwa watu hawa unaowafahamu kwa majina, uwaeleze swali kwa Kiswahili au kwa Kikuyu, na uwakumbushe tarehe.

Kabla hujaanza, yako mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia. Ikiwa umewahi, hata mara moja, hata bila kukusudia, kusaini fomu ya wapiga kura au kupiga kura ya mji, usijitolee kwanza na usitume N-400. Muone wakili wa uhamiaji uso kwa uso ukiwa na kila karatasi uliyo nayo. Vivyo hivyo ukiwa na kesi yoyote ya polisi, hata iliyofutwa. Binamu yako aonane na wakili bila kujali kampeni, kwa kuwa aliyeingia kwa viza na kukaguliwa mpakani wakati mwingine huwa na njia asizozijua, hasa akioa raia. Tafuta wakili mwenye leseni ya uwakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Muungano wa MIRA ulioko Boston, unaotetea wahamiaji na wakimbizi, unaweza kuwaelekeza kwa wanaotoza kidogo. Jiepusheni na wajaza fomu wa madukani wanaojiita wataalamu, ambao hupokea fedha na hawapo siku ya mahakama. Na siku ya kwenda kwa wakili, nenda na mumeo, ili maswali yake ayaulize mwenyewe na majibu ayasikie kwa masikio yake.